Alama ya Mwenye Mshale

Usiku wa tarehe 1 Julai 2015, nje kidogo ya Mbuga ya Taifa ya Hwange nchini Zimbabwe, simba dume aliyeitwa Cecil alikuwa anakula mzoga wa ndovu. Mzoga ule ulikuwa chambo. Karibu nao alijificha daktari wa meno kutoka Minnesota, Marekani, upinde mkononi. Mshale ukampata Cecil, lakini haukumuua.

Wengi tunaikumbuka stori hii kwa zile kelele za mitandaoni. Tunachosahau ni kwamba shingoni Cecil alikuwa na ukanda wa GPS, aliofungwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford. Ukanda wenyewe ulitoweka baada ya yeye kuuawa, lakini lokesheni zilikuwa zishatumwa. Mwanzoni magazeti yalisema simba huyo aliteseka kwa saa 40. Andrew Loveridge, mmoja wa watafiti waliokuwa wakimfuatilia, alizipanga zile data na kuandika katika kitabu chake cha 2018 kwamba ni kama saa 10 hadi 12 hivi, mpaka asubuhi alipomaliziwa kwa mshale mwingine. Muda wote huo Cecil hakusogea hata nusu kilomita.

Yaani usiku kucha mashine ilijua alipo. Aliyemjeruhi hakummalizia mpaka asubuhi.

Basi swali linakuja lenyewe: kama mshale ule nao ungekuwa na kifaa cha kutuma ishara, si Cecil angemaliziwa mapema? Vifaa hivyo vipo. Kuna vinavyofungwa kwenye mshale ili mwindaji amfuate mnyama kupitia simu yake, vile wewe unavyomfuatilia mtu wa boda akikuletea chakula. Lakini wawindaji wa mishale wenyewe wamevibishania kwa miaka mingi, na ubishi wao unatuhusu kuliko tunavyodhani.

Kwanza ujue mshale unavyoua. Risasi huvunja na kutikisa mwili. Mshale hukata, na mnyama hufa kwa kuvuja damu. Hata ukipiga pazuri, mnyama anaweza kukimbia. Mwindaji mwenye adabu hungoja, kisha hufuata matone ya damu kwenye majani. Mvua ikinyesha, au giza likiingia, njia inapotea. Mnyama anabaki kichakani na chuma mwilini.

Huko Marekani, Pope and Young Club, chama kilichoanzishwa mwaka 1961 kutunza rekodi za wawindaji wa mishale, kilikataa kifaa chochote cha umeme kwenye upinde au mshale. Mwaka 2014 kikalegeza kidogo: taa ndogo kwenye mkia wa mshale na kamera za kurekodi zikaruhusiwa. Kifaa cha kumsaidia mtu kulenga kikabaki nje. Hoja yao ni kwamba mnyama lazima awe na nafasi ya haki ya kuponyoka. Jimbo la Arizona nalo, kuanzia Januari 2022, limepiga marufuku kutumia kamera za porini kuwinda, zile zinazofungwa mtini na kupiga picha kila anayepita kwenda kunywa maji.

Anayetetea ishara kwenye mshale atakwambia: hii haimsaidii mtu kuua, inamsaidia kumaliza alichoanza. Anayeipinga atajibu: ukijua simu itakuonyesha mnyama aliko, utapiga kutoka mbali, utapiga jioni, utapiga ambapo zamani ungeshusha upinde. Mimi naona wote wawili wanasema kweli. Kifaa ni kimoja, lakini kinafanya kazi mbili: kulipa deni, na kumpa mtu ujasiri wa kukopa zaidi.

Sasa turudi nyumbani, maana hata jina la chama kile lina njia inayopita huku kwetu. Saxton Pope alikuwa daktari wa upasuaji San Francisco. Alifundishwa upinde na mgonjwa wake Ishi, mtu wa mwisho wa jamii ya Wayahi, aliyefariki mwaka 1916. Mwaka 1925 Pope na rafiki yake Art Young walikuja Tanganyika kuwinda simba kwa mishale, na mwandishi Stewart Edward White akawa nao na bunduki, mambo yakiharibika. Walikuja kama wageni waheshimiwa.

Wakati huohuo, ng'ambo ya mpaka, nyika ya Tsavo ilikuwa na watu ambao upinde ndio ulikuwa maisha yao: Wawata, ambao majirani na wakoloni waliwaita Waliangulu au Wasanye. Upinde wao ulikuwa mzito ajabu. Wengine ulihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45 kuuvuta. Lakini siri haikuwa nguvu tu. Mwata alinyatia, akisoma upepo na nyayo, mpaka akamkaribia ndovu kabisa. Chuma cha mshale kilipakwa sumu nyeusi iliyochemshwa kutoka mti wa msunguti, kisha kikafungwa kwa ngozi ili sumu isikauke. Sumu hiyo husimamisha moyo. Kwa hiyo sumu ilifanya kazi ambayo leo tunataka ifanywe na betri: kupunguza umbali kati ya jeraha na kifo.

Na mishale ilitiwa alama, vilevile kama Wakamba walivyofanya. Kila mwindaji alikuwa na yake. Mzoga ukipatikana, alama ilisema meno ni ya nani. Lakini alama haichagui habari ya kutoa. Ilimtaja mwenye mshale hata kwa kazi mbovu aliyoiacha ikitembea porini na maumivu.

Serikali ya kikoloni haikuliona hilo. Mbuga ya Tsavo ilitangazwa mwaka 1948, na kuanzia 1956 David Sheldrick na Bill Woodley wakaongoza operesheni kali dhidi ya wawindaji wa mishale. Wawata wengi wakaishia jela. Biashara ya pembe ilikuwa kweli, na ndovu walikuwa wanauawa kweli, hilo tusilifiche. Lakini miaka hiyohiyo mgeni mwenye pesa alinunua leseni na kupiga ndovu kwa bunduki, akaitwa mwanaspoti. Mwaka 1960 ulipoanzishwa mradi wa Galana, ili Wawata wawinde kihalali, uta wao haukukubaliwa. Bunduki ilikubaliwa. Kisha Mei 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji wote, na mjadala ukafungwa kisheria.

Leo ndovu wa Tsavo ndio wanaovaa vifaa. Mwaka 2016 kumi kati yao walifungwa mikanda ya GPS, ili ijulikane reli ya SGR imewakatia njia vipi. Ujuzi ambao Mwata alikuwa nao wa kusema ndovu walipita wapi na wanaelekea wapi, sasa uko kwenye skrini ofisini.

Sisemi turudi kwenye sumu na uta. Nasema tu kwamba tukiuliza kama teknolojia ni halali, tunauliza nusu ya swali. Nusu ya pili ni: ishara inamfikia nani? Ishara ya mshale wa kisasa inamfikia mwindaji peke yake. Akimkosa mnyama wake anaweza kuizima, akaenda kulala, asiulizwe na mtu. Alama ya Mwata ilisomwa na wengine. Na ukanda wa Cecil pia ulisomwa na wengine, ndiyo maana tunajua kuhusu zile saa 10 hadi 12.

Oktoba 2015 Zimbabwe ilisema karatasi za yule daktari wa meno zilikuwa sawa, na hatashtakiwa. Sheria ilimalizana naye. Habari za usiku ule bado zipo kitabuni, na mtu yeyote anaweza kuzisoma.