Pale Reli Iliposimama

Meru hakuna reli. Embu pia hakuna. Ukiwa upande wetu wa Mlima Kenya na unataka kuona treni, ni uuzunguke mlima hadi Nanyuki ama uteremke Sagana. Watu husema ni mabonde yaliyoizuia. Mabonde yapo, kweli, lakini hebu fuata ramani uone reli ilikuwa ikimfuata nani. Mwaka 1913 ilifika Thika, baadaye ikapita Murang'a, Sagana, Karatina na Naro Moru, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikasimama Nanyuki, mlangoni mwa mashamba ya walowezi wa Laikipia. Waafrika wa Meru na Embu, pamoja na wa Kisii, walianza kuruhusiwa kupanda kahawa katikati ya miaka hiyohiyo ya 1930, tena vishamba vidogo chini ya jicho la serikali. Kahawa yetu ilizaliwa reli ikiwa imeshamaliza safari.

Kwa hivyo historia ya reli ya huku kwetu ni ya lori na mgongo: gunia linapakiwa, linashushwa stesheni, linapakiwa tena. Na hapo stesheni kulikuwa na mtu ambaye vitabu vya reli humpita bila hata salamu: shunta, mpanga mabehewa.

Treni ya mizigo haiungwi ovyo. Ikitoka Nairobi, behewa la Thika linakaa karibu na injini, la Sagana linafuata, la Nanyuki mkiani. Ikifika Thika, injini inaondoka na behewa lake, inalisukuma kwenye njia ya pembeni, kisha inarudi kuchukua yaliyobaki. Ukikosea mpangilio, treni nzima itakatwakatwa njiani na dereva atakutukania mama.

Nanyuki ni kazi nyingine, maana hapo reli imeisha. Injini imefika ikitangulia na mbele hakuna pa kwenda. Shunta anaifungua, inasonga kidogo, mtu wa pointi anavuta wenzo, reli inahama upande, na injini inarudi kwa njia ya pili ikiyapita mabehewa yake yote hadi mkiani, ambao sasa ndio kichwa. Hapo inafungwa upya.

Yote kwa ishara: bendera mchana, taa usiku. Dereva haoni kinachoendelea nyuma, anaona taa tu. Shunta anaingia kati ya vyuma vya tani kadhaa akiamini kwamba hakuna mtu ameinua taa mapema. Kila nchi yenye reli, kazi hii imekula vidole, mikono na watu wazima. Na kwenye reli ya mkoloni ngazi ilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Chini ndiko kulikokuwa na mabehewa.

Makumbusho ya Reli pale Nairobi, yaliyofunguliwa 1971, yana injini kubwa za aina ya 59, zilizoundwa Manchester miaka ya 1950. Zilipewa majina ya milima. Ile 5918, Mount Gelai, bado unaweza kuipanda na kupiga picha. Ya kwanza kabisa, 5901, iliitwa Mount Kenya, ingawa kazi ya aina hiyo ilikuwa kati ya Mombasa na Nairobi, si huku mlimani. Chuma kina jina na namba. Shunta je?

Njia ya Nanyuki ilitelekezwa hadi nyasi zikaifunika, ikafufuliwa 2020, na sasa watu wa Nairobi huipanda wikendi. Sina shida nao, hata mimi ningepanda. Machi 2012 mradi wa LAPSSET ulizinduliwa Lamu, na kwenye ramani yake reli inapita Isiolo, hapo tu jirani na Meru. Mpaka leo ni ramani.

Kama kwenu kuna mzee aliyeshika taa Sagana ama Nanyuki, muulize behewa la Karatina lilikuwa linakaa wapi. Atakuonyesha kwa mikono.