JINA JUU YA JIWE: TANGU TAKHTI JAMSHIDI HATA MUGERE

 

Ndugu zetu wa jumuiya wameniomba niandike maneno machache juu ya athari za kale zilizomo katika pwani yetu ya Tanganyika, ili yatiwe katika kijitabu hiki cha ukumbusho. Athari hizo si nyingi. Sisi si watu wa kujenga kwa mawe; nyumba za wazee wetu zilikuwa za miti, udongo na majani, na mvua ya Imbo haibakishi kitu cha namna hiyo. Lakini jiwe moja tunalo. Mtu akitoka Kabezi akishika barabara kuelekea Bujumbura, kabla hajafika mjini, yapata kilomita 12 kusini ya mji, atalikuta Mugere, juu ya kilima kinachotazama ziwa. Limechorwa majina mawili, Livingstone na Stanley, na tarehe: 25-XI-1871.

Wageni huja kulitazama na kupigwa picha mbele yake. Na wako vijana wetu wanaowaambia wageni hao ya kuwa hapo ndipo Wazungu wale wawili walipoonana mara ya kwanza, na Stanley akauliza lile swali lake mashuhuri. Maneno hayo si kweli, na mwenye kuyasema kwa ajili ya bakhshishi amekula bakhshishi ya uwongo. Walionana Ujiji, kwa hesabu ya Stanley mwenyewe ilikuwa tarehe 10 Novemba 1871. Mugere walikuja baadaye, wamekwisha juana, wakalala siku mbili kwa Mukamba, mtawala wa upande huo wa Uzige, kisha wakaenda zao. Sisi tuliosomeshwa kuuliza kila habari imepokewa na nani kutoka kwa nani, hatuna udhuru wa kuacha habari ya mlangoni petu ipotoke hivi.

Lakini iko habari nyingine juu ya majina hayo ambayo ni wachache waijuao. Mwaka mmoja kabla ya kufika kwetu, Stanley alikwisha kuandika jina lake juu ya jiwe jingine, katika nchi ya mbali, naye alifika huko kwa farasi.

Mwezi wa Oktoba 1869 mwenye gazeti la New York Herald, James Gordon Bennett mdogo, alimwita Stanley huko Paris akampa kazi ya kumtafuta Livingstone. Ajabu ni kwamba hakumwambia aende moja kwa moja. Alimtaka kwanza ahudhurie kufunguliwa kwa mfereji wa Suez, apande mto Nili, azuru Baitul-Muqaddas na Istambul, apite Uajemi, afike Bara Hindi, na baada ya yote hayo ndipo amwendee mzee aliyepotea Afrika. Mtu aliyekuwa akitazamiwa na walimwengu aliwekwa mwisho wa orodha, nyuma ya magofu na mahekalu!

Basi katika mwaka wa 1870 Stanley alikuwa Uajemi, akitoka kaskazini kuelekea kusini. Safari ya nchi ile wakati huo ilikuwa juu ya migongo ya farasi. Palikuwa na vituo vya posta njiani. Msafiri huacha farasi aliyechoka, hutandika mwingine, akaendelea kukata nchi kavu isiyo na mti. Desturi hiyo ni ya kale. Wafalme wa Uajemi walikuwa na vituo kama hivyo tangu zaidi ya miaka 500 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, alayhis-salaam. Alipita Isfahani akateremka kuelekea Shirazi, na karibu na Shirazi ndiko yaliko magofu ambayo Wayunani waliyaita Persepolis na Waajemi wakayaita Takhti Jamshidi.

Na jina la Shirazi halikosi kugutusha masikio ya Mswahili. Ni jamaa wangapi wa pwani, tangu Lamu mpaka Kilwa na Visiwa vya Ngazija, wanaojinasibisha na mji huo! Wataalamu walibishana sana, wengine wakasema ni hadithi ya kujitukuza tu. Mwaka wa 2023 ilichapishwa habari ya uchunguzi wa mifupa iliyofukuliwa katika makaburi ya kale ya pwani, na ilionekana kuwa nasaba ya wengi wao imechanganyika, mama wa Kiafrika na baba wa Kiajemi, kuanzia yapata mwaka 1000. Wazee hawakusema uwongo; walisahau kuwataja mama zao tu.

Mji ule aliuanza mfalme Dario yapata mwaka 518 kabla ya Isa. Mwanawe Khashayarsha, ambaye Wayunani walimwita Xerxes, alijenga lango kubwa lenye ng'ombe wa mawe, ambalo leo huitwa Lango la Mataifa Yote, akaandika juu yake sifa zake katika lugha 3. Baraza kubwa la mji lilikuwa na nguzo 72. Leo zimesimama 13. Mwaka 330 kabla ya Isa, Aleksanda wa Makedonia aliutia moto. Stanley alifika mbele ya lango hilo akachora humo jina lake, na jina la gazeti lake, na mwaka 1870. Maandishi yapo mpaka leo, yanasomeka vizuri kabisa. Mwenyewe hakuona haya. Aliandika kitabuni kwamba alifuata desturi ya watu mashuhuri waliomtangulia.

Tusidhani kuwa desturi hiyo ni ya Wazungu peke yao. Adhud al-Dawla wa ukoo wa Buwayhi, mfalme Mwislamu, alifika pale mwaka 344 wa Hijra, yaani 955, akachoresha jina lake katika jumba la Dario. Walakini yeye aliandika pia kwamba aliletwa mtu wa kumsomea maandishi ya wale wa kale. Alitaka kujua waliopita walisema nini. Na mwaka 1765 alikuja Carsten Niebuhr, mtu aliyetumwa na mfalme wa Denmark. Huyu alikaa siku nyingi juani akinakili maandishi herufi kwa herufi, mpaka macho yakamuuma. Kwa nakala zake hizo, mwalimu mmoja wa Ujerumani, Grotefend, aliweza mwaka 1802 kuanza kuyasoma. Mimi katika watatu hawa namweka mbele Niebuhr, ingawa si wa dini yetu.

Siku hizi safari za namna hiyo zimekuwa starehe. Watu hutoa fedha wakapandishwa farasi kwenda kutazama Petra katika nchi ya Jordan, ama mapiramidi ya Misri, ama makaburi yaliyochongwa majabalini huko Al-Hijr katika Bara Arabu. Sharia haikukataza matembezi, na Kitabu chatuhimiza tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotangulia. Ila Al-Hijr ina hukumu yake, kwa kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita hapo akienda Tabuk mwaka wa 9 wa Hijra aliwaonya Masahaba wasiingie katika makao ya wale walioadhibiwa isipokuwa wakilia, akafunika kichwa chake na kuuharakisha mwendo. Wachimbaji wanasema kwamba makaburi yale 111 ni kazi ya Wanabati, waliokuja baada ya Thamudi kwa karne nyingi, na kwamba yameandikwa majina ya wenyewe na miaka. Yawezekana, bonde moja laweza kukaliwa na kaumu mbili. Lakini mwenye kupita pale juu ya farasi akicheka, sijui anakwenda kutazama nini.

Turudi kwa Stanley. Alifika Unguja tarehe 6 Januari 1871, bado ana mazoea ya Uajemi. Sayyid Barghash akampa zawadi ya farasi wa Kiarabu mwenye rangi ya kijivu. Mfanyabiashara mmoja wa Kimarekani akampa mwingine mwekundu. Akavuka Bagamoyo na farasi hao 2 na punda 27, na msafara wa watu uliopata 192. Naam, bara yetu si Uajemi. Hawajaenda mbali na pwani, walipofika Kingaru, farasi wa Sayyid akafa. Stanley akampasua tumbo, akaona mabuu ndani. Akaamuru azikwe karibu na kambi. Haikupita siku nzima, na yule wa pili naye akafa.

Hapo akaja mkubwa wa Kingaru kudai faini ya doti mbili za marikani, kwa kuwa farasi amezikwa katika ardhi yake bila ya ruhusa. Stanley akamjibu kwamba kama ni hivyo, askari wake watamfukua mnyama wamrudishe alipokuwa, juu ya ardhi, anuke. Mkubwa yule akasema basi, basi, mwacheni alipo. Stanley ameisimulia habari hii kwa kicheko. Mimi naona mwenye nchi alikuwa na haki ya kuulizwa kabla, hata kama doti mbili zilizidi.

Tangu hapo aliendelea kwa punda na kwa miguu. Farasi hao walikufa kwa maradhi ya tumbo, kama alivyosema mwenyewe, lakini hata wangalipona hapo wasingalifika mbali, maana njia ya bara ilikuwa na ndorobo. Mwaka 1895 daktari David Bruce, akiwa nchi ya Wazulu, alibainisha ya kuwa nzi huyo ndiye achukuaye vijidudu vya nagana viuavyo farasi na ng'ombe. Ndugu wa vijidudu hivyo ndivyo vya malale, na wakazi wa Imbo hawana haja ya kufundishwa malale ni nini: mwanzoni mwa karne ya 20 maradhi hayo yaliua watu wengi katika pwani yetu, Wadachi wakawahamisha waliobaki waache ukingo wa ziwa. Mdudu mmoja alituwekea mpaka ambao hakuna mpanda farasi aliyeuvuka.

Kwa hiyo Mugere walifika kwa mtumbwi. Uliazimwa Ujiji kwa Sayyid bin Majid, mfanyabiashara Mwarabu. Ulikuwa mti mmoja wa mvule uliochongwa. Waliondoka Novemba 16, wakipita kando kando ya pwani hii, na usiku wakivuta mtumbwi mchangani. Palikuwa na wapiga makasia, na Selim, kijana Mwarabu wa Baitul-Muqaddas aliyekuwa mkalimani, na Ferajji mpishi. Kwa Mukamba Stanley alishikwa na homa, na yule mzee akamuuguza. Kisha wakaenda hata mdomo wa Rusizi, wakaona kwa macho ya kuwa mto huo huingia ziwani wala hautoki. Hiyo ndiyo faida ya safari: Burton na Speke walifika Uvira mwaka 1858 wakarudi bila kuuona, na Wazungu walibishana miaka 13 kama Rusizi ndio mwanzo wa Nili. Disemba 13 walikuwa wamerudi Ujiji, baada ya siku 28.

Hapa panataka maneno mazito kidogo. Livingstone alikuja Ujiji amevunjika moyo, na sababu haikuwa maradhi peke yake. Tarehe 15 Julai 1871 alikuwa Nyangwe, katika Manyema, siku ya soko, akaona watu wa misafara ya wafanyabiashara wa pwani wakiwapiga bunduki wanawake sokoni, mamia wakafa kwa risasi na kwa maji ya mto. Waliofanya hayo walikuwa na majina kama yetu, na wengine walisali kama tusalivyo. Baadaye, katika miaka ya 1880, Muhammad bin Khalfan, aliyeitwa Rumaliza, alishambulia pwani hii hii, Rumonge na Uzige, watu wakatekwa, mpaka nguvu zake zilipovunjwa na Wabelgiji mwaka 1894. Mtu huru kumuuza ni haramu iliyo wazi, na mwenye kufanya hivyo Mola ndiye hasimu wake siku ya Kiyama. Nimesikia wengine wakisema tusiandike mambo haya katika kitabu cha furaha, tutawapa watu silaha ya kutupigia. Jirani zetu Warundi wanayakumbuka bila ya kusoma kitabu chetu. Tukiyanyamazia sisi, watadhani twayaridhia.

Na uislamu wa hapa haukuletwa na Rumaliza. Ulikuja na wapagazi, wavuvi, mafundi, askari na walimu wenye vibao vya Kurani chini ya kwapa, kutoka Ujiji na Manyema, wakakaa Rumonge na Usumbura na vijiji vya katikati. Hao ndio waliopiga makasia, nao hawamo juu ya jiwe. Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwa mkubwa wa watu wa Stanley, alikuwa Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto akapelekwa Bara Hindi. Aliliona ziwa hili pamoja na Burton na Speke mwaka 1858 kabla Stanley hajalisikia. Susi na Chuma waliuchukua mwili wa Livingstone, aliyekufa Mei 1873, mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Majina haya yamehifadhika kwa kuwa Wazungu waliyaandika.

Hayo maandishi ya Mugere yenyewe, sidhani yaliandikwa na mikono ya wale wawili. Kuuandika mwezi kwa tarakimu za Kirumi ni mtindo wa watu wa Kifaransa na Kibelgiji kuliko Mwingereza. Basi huenda safari hii Stanley hakujiandika, aliandikwa.

Nimemwomba katibu wa jumuiya atenge daftari moja. Wazee wa Kabezi, Magara, Minago na Rumonge wanaojua majina ya walimu wa kwanza wa vyuo vyetu, ama ya wavushaji wa mitumbwi ya Ujiji, ama mahali pa makaburi yao, wamwendee baada ya sala ya Ijumaa. Na aliyepokea jina kutoka kwa babu yake, alitaje na la babu huyo pia, liandikwe kando yake.