Kisomo cha Nyumbani Kandokando ya Ziwa
Kabla ya shule kufungwa Machi 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona, na watoto wa Mwanza kusomeshwa kwa redio na simu, wazee wao walikwisha kuijua elimu inayomfuata mtu maskanini kwake. Kwani tangu 1968 hata 1972 mradi wa kisomo wa serikali na UNESCO, wenye makao yake Mwanza, uliwafundisha watu wazima wa Kanda ya Ziwa kwa vitabu vilivyohusu pamba, migomba na uvuvi, jambo ambalo kwa rai yangu lilikuwa hekima kubwa. Mwaka 1973 redio ikaleta kampeni ya afya iitwayo Mtu ni Afya, majirani wakakusanyika kuisikiliza, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Kundi la majirani la namna hiyo mzazi wa 2020 hakuandaliwa.