Wenye Moto wa Kashi

Ramani husema Varanasi, mahujaji husema Kashi. Hapo mto Ganga huelekea kaskazini, na Wahindu huamini kwamba anayefia mjini hunong'onezwa sikioni na Shiva mwenyewe, akapata moksha: hazaliwi tena, hafi tena. Wazee wanaojiona wamefika mwisho huletwa Mukti Bhavan, nyumba inayompa mgonjwa majuma mawili ya kukata roho. Mahujaji wazima huoga kwenye ghat, yaani ngazi za mtoni: Asi, Dashashwamedh, Adi Keshav, Panchganga, wakamalizia Manikarnika.

Na Manikarnika pana moto wa kuchomea maiti, na moto una wenyewe: Wadom, watu wa tabaka la chini.

Wazee wao huhesabu nasaba hadi kwa Kallu Dom. Hadithi husema Mfalme Harishchandra alikuwa amempa mtawa Vishvamitra ufalme wote kwa kutimiza ahadi, na bado akadaiwa. Akaja Kashi, akamuuza mkewe na mwanawe, kisha akajinadi mwenyewe. Aliyemnunua ni Kallu. Mfalme akawekwa kiwanja cha kuchomea maiti, kazi yake kutoza ada. Siku mkewe alipoleta maiti ya mtoto wao, aliyeumwa na nyoka, alimdai naye. Mama hana kitu, akapasua sari aliyoivaa apate kulipa. Ndipo miungu ikashuka. Mfalme amesifiwa hata na Dadasaheb Phalke, aliyemtengenezea filamu mwaka 1913. Bwana aliyemnunua, nani kamsifu?

Hapa pana ugomvi. Watu wa Harishchandra Ghat husema mfalme alitumikia kwao, basi wao ndio wa kale. Wa Manikarnika hujibu kwamba kipuli cha mungu kilidondoka kisimani pao kabla ya wafalme wote. Wapo wanaoongeza kuwa Kallu alikificha kipuli hicho akalaaniwa. Maneno ya wenye kijicho, lakini yaandikwe, isije ikasemwa yamefichwa.



Turudi kwenye moto, ambao wasemao husema haujazimika kamwe. Mfiwa haji na kiberiti. Hununua kaa kwa Mdom, akalibeba katika kishungi cha nyasi, akazunguka kuni mara tano. Mwisho hutupa chungu cha maji nyuma ya bega akaenda zake bila kugeuka. Wadom hubaki wakichekecha majivu mtoni, wakitafuta dhahabu. Brahmani aliyekataa maji ya mkono wao maisha yake yote, siku afapo wanawe husimama mbele yao wakipatana bei.

Hata Waziri Mkuu Narendra Modi alipowania ubunge wa Varanasi mwaka 2019, Jagdish Chaudhary, Dom Raja yaani mkuu wa Wadom, alikuwa miongoni mwa waliomdhamini. Alifariki 2020, nishani ya Padma Shri ikaja 2021.