Safari ya Kutwa Mjini Toledo

Kutoka Madrid hata Toledo ni kilometa zipatazo 70 upande wa kusini, na motokaa huimaliza njia hiyo kwa muda wa saa moja. Wasafiri walio wengi huondoka asubuhi, hula chakula cha mchana Toledo, na jua lichwapo huwa wamekwisha rudi Madrid. Desturi hii ya kuufanya mji huo kuwa mahali pa kutembelea kutwa moja ni jambo la kustaajabisha, kwani hapo kale Toledo ndiyo iliyokuwa mama na Madrid mtoto. Wafalme wa Wavisigothi walikuwa na kiti chao Toledo kabla ya Waislamu kuingia Hispania mwaka 711. Madrid haikutajwa sana mpaka mwaka 1561, Mfalme Felipe wa Pili alipohamishia huko baraza lake.

Njia hupita katika tambarare kavu, kisha mji hutokea ghafula juu ya jabali, umezungukwa na mto Tajo pande tatu. Motokaa hapana budi ibaki chini. Vichochoro vya ndani vilifanywa kwa kipimo cha punda na mchukuzi, na tangu hapo mgeni hutumia miguu yake.

Mswahili ayasikilizaye majina ya mahali hapa hatayaona kuwa mageni yote. Daraja kuu la kale huitwa Alcántara, neno lililotoka katika Kiarabu al-kantara, yaani daraja. Hivyo Wahispania walisemapo daraja la Alcántara husema daraja la daraja. Ngome iliyo juu ya kilima huitwa Alcázar, nalo ni lile lile neno kasri. Uwanja wa katikati ya mji ni Zocodover, uliokuwa soko la wanyama wa kupanda na wa mizigo, na mwanzo wa jina lake ni ndugu wa neno soko la Kiswahili. Maneno hayo yamedumu kuliko dola iliyoyaleta. Mfalme Alfonso wa Sita wa Castilla aliutwaa mji huu mwaka 1085, baada ya kutawaliwa na Waislamu kwa karne tatu na zaidi.

Katika majengo ya zama hizo lililosalia kwa uzuri zaidi ni dogo sana. Ni msikiti wa Bab al-Mardum, ambao kila upande wake una mita 8 hivi. Nguzo nne zilizo ndani zinaugawa katika vyumba tisa, na kila chumba kina kuba yake isiyofanana na nyingine. Vichwa vya nguzo vilitwaliwa katika majengo ya Wavisigothi. Nje, juu ya ukuta, yamo maandishi ya Kiarabu yaliyofanyizwa kwa matofali yenyewe. Yanasema kwamba Ahmad ibn Hadidi aliusimamisha msikiti huu kwa mali yake mwenyewe, kwamba fundi alikuwa Musa ibn Ali, na kwamba kazi ilikwisha mwaka 390 wa Hijria, yaani karibu na mwisho wa mwaka 999. Katika karne ya 12 Wakristo waliugeuza kanisa, wakauongezea kibla chao upande mmoja. Wala maandishi hawakuyafuta.

Msikiti mkuu haukupata bahati hiyo. Alfonso aliwaahidi Waislamu katika mapatano ya kusalimu mji kwamba utabaki mikononi mwao. Husimuliwa kwamba mfalme alipokuwa safarini, askofu mkuu Bernard aliuingia kwa nguvu na kuutabaruku kuwa kanisa, na mfalme akarudi kwa ghadhabu, akitaka kuwaadhibu waliovunja neno lake. Ndipo fakihi mmoja wa Kiislamu aitwaye Abu Walid alipotoka kumlaki, akamwomba asamehe, kwa kuwa aliona mbali: kisasi cha mfalme kingewarudia Waislamu wenyewe siku ya pili. Sanamu ihesabiwayo kuwa yake imo ndani ya kanisa kuu lililoanzwa kujengwa mwaka 1226 mahali pa msikiti huo. Kama kisa kilitukia hivyo hasa au hadithi ilikikuza, sanamu ile ni shahidi kwamba ahadi ilivunjwa na kwamba wavunjaji walijua.

Walakini sifa kubwa ya Toledo haimo katika mawe. Mwaka 1068 kadhi wa mji, Said al-Andalusi, aliandika kitabu juu ya tabaka za mataifa, akahesabu mataifa manane yaliyohudumia elimu, wakiwamo Wahindi, Waajemi, Wayunani, Waarabu na Waebrania. Wengine aliwatia nje. Watu wa kaskazini, alisema, wako mbali mno na jua, hewa yao ni baridi na akili zao ni nzito. Nao Wazanji na wenzao wa kusini wameunguzwa na joto hata wakakosa uthabiti. Ni ajabu kwa mwanachuoni mpole kama huyu kupima bongo za watu kwa kipimo cha jua. Karne moja haikutimia kabla ya maneno yake kukanushwa mlangoni pake mwenyewe, maana hao wa baridi walikuja Toledo makundi kwa makundi kutafuta vitabu. Daniel wa Morley, Mwingereza, alichoshwa na walimu wa Paris, akaja kusoma hapa, akarudi kwao na shehena ya vitabu. Gerard wa Cremona alitoka Italia kwa ajili ya kitabu kimoja tu, Almagest cha Ptolemaio, akakaa mpaka kifo chake mwaka 1187, akiwa amefasiri kwa Kilatini vitabu zaidi ya 70, pamoja na Kanuni ya tiba ya Ibn Sina na Aljebra ya al-Khwarizmi.

Namna ya kazi yenyewe yapasa kujulikana na kila afasiriye. Kitabu cha Ibn Sina juu ya roho kilifasiriwa na watu wawili: Ibn Daud, Myahudi, alisoma Kiarabu na kutamka kila neno kwa lugha ya mitaani, naye padri Gundissalinus alilipokea na kuliandika kwa Kilatini. Hivyo fikira za Mwislamu zilipita kinywani mwa Myahudi zikaingia katika kalamu ya Mkristo, na lugha ya sokoni, isiyohesabiwa kuwa ya elimu, ndiyo iliyokuwa daraja.

Watembezaji wa wageni hupenda kuuita Toledo mji wa tamaduni tatu, kama kwamba watu walikaa humo kwa raha moja. Samuel ha-Levi, mweka hazina wa Mfalme Pedro, alijenga sinagogi ambalo kuta zake zina maandishi ya Kiebrania na ya Kiarabu pamoja. Mfalme yule yule akamkamata, naye akafa katika mateso yapata mwaka 1360. Mwaka 1391 Wayahudi wengi waliuawa. Mwaka 1449 ilitolewa hapa amri ya kuwazuia na vyeo hata wale waliokwisha batizwa, kwa sababu ya damu yao. Na mwaka 1492 Wayahudi wote wasiobatizwa walifukuzwa Hispania. Miaka michache baadaye Cisneros, askofu mkuu wa Toledo, aliamuru vitabu vya Kiarabu vichomwe moto Granada. Vya tiba alivibakiza.

Yaliyosalia humalizwa na msafiri upesi: picha ya El Greco katika kanisa la Santo Tomé, na Alcázar, iliyobomolewa katika mazingiwa ya mwaka 1936 na kujengwa upya. Jambo asiloonyeshwa ni hati za mauzo. Wakristo wa Toledo waliendelea kuandikiana kwa Kiarabu karne mbili na zaidi baada ya mwaka 1085, na hati zao zaidi ya 1,000 zilipigwa chapa Madrid kati ya mwaka 1926 na 1930. Humo mnauzwa nyumba na mashamba ya mizabibu. Nyingi huanza kwa Bismillahi, hata muuzaji akiwa padri, na chini yake mashahidi wametia majina yao, huyu kwa Kiarabu, huyu kwa Kilatini.