Hazijapotea, Zimefichwa Tu

Kama umewahi kuchomeka flashi ukapata kila folda imegeuka shotikati, halafu jamaa wa saiba akakuangalia kwa huruma na kusema "hii imeenda, tuifomati tu," basi hii ni yako. Nimekuwa nikitengeneza kompyuta za watu hapa Isiolo mjini tangu nimalize shule, na msimamo wangu ni huu: faili nyingi ambazo watu wamezililia hazikuwa zimepotea. Zilikuwa mle mle ndani, zimefichwa. Kilichozimaliza ni ile fomati.

Mwalimu mmoja aliniletea flashi ya GB 8. Alikopita kwanza aliambiwa, "Mwalimu, hapa hakuna kitu." Lakini ukiangalia nafasi iliyobaki, ilikuwa kama GB 2. Sasa GB 6 zimejaa nini, upepo? Mle ndani kulikuwa na mitihani yake ya miaka mitatu na picha za mwisho za babake kabla afariki. Alikuwa amebakisha mbonyezo mmoja azipoteze kabisa.

Ili uelewe vile faili inaweza kuwa hapo na usiione, inabidi turudi nyuma miaka hamsini na kitu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, huko Bell Labs, Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa wanaunda mfumo wa Unix. Kila folda ilipewa vitu viwili vya kusaidia kutembea: nukta moja, maana yake "hapa nilipo", na nukta mbili, maana yake "folda iliyo juu yangu". Shida ni kwamba kila ukiomba orodha ya faili, hizo nukta zilikuwa zinajitokeza na kuchafua orodha. Suluhisho likawa la haraka haraka: programu ya kuorodhesha ikaambiwa iruke kitu chochote ambacho jina lake linaanza na nukta. Haikuangalia jina lote, iliangalia herufi ya kwanza tu. Rob Pike, aliyefanya kazi hapo baadaye, aliandika mwaka wa 2012 kwamba hiyo njia ya mkato ilizaa kosa kubwa. Kila programu iliyotaka kuficha kitu ikajua ni kuanza jina na nukta, na folda za watu zikajaa vitu ambavyo wenyewe hawavioni.

Usidhani hizo ni hadithi za wazee. Android imejengwa juu ya Linux, na Linux ilifuata njia za Unix. Ndiyo maana kwa simu za Android kuna folda ya WhatsApp inayoitwa .Statuses, na status ulizotazama zinakaa humo kwa muda. Zile apu za kusevu status ambazo wasee huona ni uchawi, kazi yake ni kuingia humo na kukopi. Mlango haukuwa na kufuli, ulikuwa na nukta mbele.

Windows ilipitia kwingine. IBM PC ilipotoka Agosti 1981 ikiwa na DOS, kila faili iliandikwa kwenye diski pamoja na alama ndogo: hii imefichwa, hii ni ya mfumo. Faili mbili za DOS yenyewe zilifichwa hivyo ili mtu asizifute bila kujua, kompyuta ikakataa kuwaka. Nia ilikuwa nzuri. Lakini ona vile kuficha ni rahisi: unabadilisha alama, basi. Faili yenyewe haiguswi wala haisongi.

Waandishi wa virusi waliliona hilo mapema, na huku kwetu mazingira yalikuwa yamewaivia. Mpaka 2009, nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa, Kenya ilitegemea setilaiti, na bei ya intaneti ilikuwa ya kuumiza. Nani angelipia kupakua masasisho ya antivirusi? Faili zilisafiri kwa mkono: flashi mfukoni, matatu mpaka Meru, saiba, shule, ofisi, na kurudi. Conficker, iliyotokea Novemba 2008, ilipanda flashi kwa kujificha ndani ya folda inayojifanya pipa la takataka la Windows, kisha ikaweka faili ya autorun.inf ili ijiwashe ukichomeka. Februari 2011 Microsoft walisambaza sasisho la kuzima huko kujiwasha hata kwa XP na Vista.

Virusi vya shotikati havikujali. Vyenyewe vinahitaji wewe ubonyeze. Vinapiga folda zako alama mbili kwa pamoja, ya kufichwa na ya mfumo, kisha vinaweka shotikati yenye jina lile lile. Ukibonyeza, virusi vinaamka na folda yako inafunguka kama kawaida, kwa hivyo hushtuki.

Hizo alama mbili ndizo zimeponza mafundi wengi. Jamaa anaingia kwa mipangilio, anaiambia Windows ionyeshe vilivyofichwa, haoni kitu, anakata tamaa. Kumbe kuna swichi mbili tofauti: moja ya vitu vilivyofichwa, nyingine ya faili za mfumo zinazolindwa. Ukigusa ya kwanza pekee, folda yenye alama zote mbili bado haionekani. Na hata ukiiona, ukifungua sifa zake utoe tiki, kile kisanduku kimepauka, hakibonyezeki. Dawa iko kwa ule ukurasa mweusi wa amri. Kama flashi yako ni E, andika:

attrib -h -s -r /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, ngoja kidogo, folda zinarudi. Kisha futa zile shotikati pamoja na faili ya virusi yenyewe (mara nyingi huishia na .vbs), na usafishe kompyuta pia, la sivyo kesho uko hapa tena. Hiyo kazi yote haimalizi dakika kumi. Kuna mahali watu walikuwa wanalipishwa mia tano kuharibiwa.

Sasa zile zinazokataa kufutwa. Mara nyingi hakuna jini hapo: kuna programu imeishika hiyo faili, na Windows haiwezi kukuachia ufute kitu ambacho mwingine anakitumia. Ifunge hiyo programu kupitia Task Manager, ama uwashe kompyuta upya. Na ile System Volume Information ambayo naulizwa kila wiki si virusi. Windows yenyewe huiweka kwa kumbukumbu zake. Ukifaulu kuifuta, itaundwa tena. Iache.

Lakini kuna moja ninayoipenda sana. Kwa Windows 10, jaribu kuunda folda uiite CON. Itakataa. Hilo jina lilitoka kwa CP/M, mfumo wa Gary Kildall wa miaka ya 1970, na lilimaanisha kibodi na skrini. Tim Paterson alipoandika mfumo uliokuja kuwa DOS, mwaka wa 1980, majina ya vifaa namna hiyo yaliingia nao. Wakati huo hakukuwa na folda, kwa hivyo CON ilikuwa CON popote ulipo. Folda zilikuja na DOS 2.0 mwaka wa 1983, na ili programu za zamani zisivunjike, sheria ikaachwa vile ilivyo. Ukikutana na folda ya CON kwa flashi, kubonyeza kufuta hakusaidii. Unaipitia nyuma, kwa njia inayoiambia Windows isitafsiri jina:

rd /s \\?\E:\CON

Na kuna watu walioigeuza hiyo shida kuwa askari. Walitengeneza kwa flashi folda inayoitwa autorun.inf, ndani wakaweka nyingine yenye jina lisilofutika. Virusi vikija kuandika autorun.inf yao, vinakuta kiti kina mtu na hakiondoki. Akili mingi!

Hata kufuta kwenyewe si vile tunavyodhani. Kwa flashi nyingi, ukifuta faili, herufi ya kwanza ya jina inabadilishwa kuwa alama, na nafasi yake inatangazwa wazi. Yaliyomo yanabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa hivyo kama ushafomatiwa kwa haraka, usiandike chochote humo kabla ya kujaribu programu ya kurejesha.

Kenya ilikuwa na watu waliozijua hizi tofauti zote miaka ishirini kabla ya DOS. Mwaka wa 1961 Iain Macleod, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliagiza kwamba karatasi zinazoweza kuiaibisha serikali yake zisiachiwe serikali huru zinazokuja. Faili zikagawanywa: "Legacy", za kurithisha, na "Watch", zilizopigwa muhuri wa W. Kenya, za W zingeshikwa tu na mfanyakazi wa serikali aliye raia wa Uingereza mwenye asili ya Ulaya. Ukitaka ruhusa za faili, hizo hapo, kwa wino. Na faili ya W ikitolewa katikati ya zile zingine, ilitakiwa iwekwe faili pacha, ya bandia, mahali pake ili pengo lisionekane. Mimi nikisoma hapo naona shotikati.

Za kuharibiwa zilitakiwa kuchomwa na majivu yapondwe, ama zitiwe kwenye masanduku mazito na kuzamishwa baharini, mbali na pwani. Zingine zilisafirishwa Uingereza. Serikali ya Kenya iliomba irudishiwe, ikakataliwa. Sisi wa iliyokuwa NFD, nchi iliyofungwa ambayo bila kibali huingii wala hutoki, tuna sababu zetu za kutaka kujua kilichoandikwa kuhusu babu zetu.

Zilikuwa Hanslope Park, jumba la serikali huko Buckinghamshire. Wazee wa Mau Mau walipoishtaki Uingereza mwaka wa 2009, na wanahistoria wakasisitiza kwamba kuna faili ambazo hazijaonyeshwa, serikali ilikubali mwaka wa 2011 kwamba inazo: kama 1,500 za Kenya, ndani ya masanduku 300, kati ya karibu 8,800 kutoka makoloni 37. Juni 2013 ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228.

Maagizo ya namna ya kuchoma yalipatikana humo humo ndani. Walichoma mengi, hayo wakayaacha. Tangu Aprili 2012 zilianza kufunguliwa Kew, London, chini ya namba FCO 141. Orodha ya vichwa iko mtandaoni, unaweza kuitafuta leo kwa simu. Kusoma yaliyomo, nyingi zake, bado ni usafiri mpaka Kew ama ulipie kopi.