Sifuri Iliyodanganya: Historia Fupi ya Namna Seva za Utafutaji Zinavyojibu

Msomaji, tuanze na swali. Ukiuliza jambo ukajibiwa kwa lugha usiyoijua, umejibiwa au hukujibiwa? Swali hili lilinikuta kwenye tasnifu yangu, na nusura niandike uongo kuhusu watu wa kwetu.

Kwetu ni Nambilanje, wilayani Ruangwa. Siku moja mjomba, akiwa chini ya mkorosho wake, aliniuliza: "Mpwa wangu, ninyi wasomi mlikuja huku miaka yote kupima ugonjwa wa mikorosho. Mlichoandika kiko wapi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya takriban tani 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 zilikuwa zimeporomoka hadi chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa: watu kuhamishiwa kwenye vijiji vilivyokuwa mbali na mashamba yao, bei isiyolipa, na ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaokausha maua ya mkorosho. Watafiti, hasa wa kituo cha Naliendele, Mtwara, waliandika mengi juu yake.

Siku hizi sehemu ya maandishi ya namna hiyo imo kwenye hazina za kidijitali za vyuo. Sokoine na Muhimbili, kwa mfano, wanatumia programu ya DSpace, iliyotolewa mwaka 2002 na chuo cha MIT pamoja na kampuni ya HP. Ukiandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia cha DSpace, anayehangaika nyuma ya pazia ni seva ya utafutaji iitwayo Solr.

Solr ilianza mwaka 2004, pale Yonik Seeley alipoitengeneza kwa ajili ya kampuni ya CNET huko Marekani. Aliijenga juu ya Lucene, kazi ya Doug Cutting ya mwaka 1999. Mwaka 2006 CNET iliikabidhi kwa taasisi ya Apache, na tangu hapo mtu yeyote anaweza kuitumia bure.

Kitu kizuri cha Solr ni kwamba inatenganisha kazi mbili: kutafuta jibu na kuandika jibu. Ikishapata nyaraka zako, inampa kazi "mwandishi wa majibu", ambaye unamchagua kwa herufi mbili tu kwenye anwani: wt. Ukiweka wt=xml, kila taarifa inafungwa kwa vibandiko mwanzo na mwisho. Ukiweka wt=json, unapata muundo mwepesi unaopendwa na kurasa za wavuti. Ukiweka wt=csv, iliyoongezwa mwaka 2011, unapata mistari yenye koma ambayo hata programu ya kawaida ya majedwali inaifungua. Korosho ni zile zile. Huyu kazifunga kwenye gunia, yule kwenye debe.

Sasa, usiposema unataka ipi? Seva inakuchagulia. Hiyo ndiyo tunaita chaguo-msingi, na hapa ndipo historia inapoingia. XML ilipitishwa rasmi kuwa kiwango mwaka 1998, kwa hiyo Solr ilipozaliwa ndiyo ilikuwa lugha ya wakubwa, ikafanywa chaguo-msingi. JSON, iliyoanza kutangazwa mwaka 2001 na Douglas Crockford, ilikua taratibu mpaka ikatawala wavuti. Basi Septemba 2017, Solr toleo la 7 likabadilisha chaguo-msingi: kutoka XML kwenda JSON.

Mimi nilikuwa nimeruhusiwa kutumia seva moja ya nyaraka. Nikaandika kiprogramu cha kuhesabu, mwaka kwa mwaka, maandishi yanayotaja maeneo ya kwetu. Sikuandika wt, maana XML ilikuwa inakuja yenyewe. Tena, kwa uvivu, nilikiagiza: ukikwama, ruka, andika sifuri. Seva ikapandishwa toleo. Kiprogramu kikaanza kupokea JSON, kikashindwa kuisoma, kikaandika sifuri, sifuri, sifuri.

Nami nikaziamini! Kwenye rasimu nikaandika kwamba eneo letu "halikufanyiwa utafiti wowote". Sentensi hiyo ilikuwa safi kabisa, ina jedwali na mchoro. Kilichoniokoa ni lile swali la mjomba. Yeye aliwaona watafiti kwa macho yake. Nikaamua kutafuta kwa mkono, kumbe nyaraka zipo.

Baada ya kurekebisha fomati nikagundua jingine: jina "Ruangwa" lilileta machache. Ruangwa imekuwa wilaya inayojitegemea mwaka 1995. Wazee wetu bado wanasema zamani "wilayani" ilikuwa Nachingwea. Nilipotafuta Nachingwea, orodha ikarefuka.

Kwa hiyo wewe unayekusanya data, chukua haya matatu. Kwanza, taja fomati unayotaka kila mara, hata kama ndiyo chaguo-msingi leo. Pili, usiruhusu kosa ligeuke sifuri. "Sikuweza kusoma" na "hakuna" ni majibu mawili tofauti. Tatu, kabla ya kuandika kwamba mahali fulani hapana historia, tafuta waraka mmoja unaojua upo, uone kama mtambo wako unauona.

Mjomba nilimpelekea orodha iliyotoka kwa wt=csv, nikaichapa kwenye karatasi: mwaka, kichwa cha habari, mahali. Alivaa miwani, akapitisha kidole mstari kwa mstari. Akauliza: "Na hizi zote ni za Kiingereza?"

Ndiyo, mjomba. Karibu zote. Na hiyo ni fomati ambayo hakuna herufi mbili za kuibadilisha.